Kiti cha Kusikiliza Kimya

Chebet, Kim, na yeyote mtakayemwandika hapo karakana: nimestaafu. Msicheke. Najua sijafika arobaini, na najua kustaafu ni ya watu wa pensheni na kofia. Lakini nilianza hii kazi nikiwa kijana hata ndevu hazijajua zitatokea wapi, na nimetoka kwa kiti kwa miguu yangu mwenyewe. Kama hiyo si kustaafu, mnipatie jina lingine. Sikufukuzwa. Si mgonjwa. Na yule anayesema huko Kiamunyi ati nimekosana na Chebet, mwambieni nakuja kununua chakula ya kuku hapo kwake na tutaongea.

Naandika kwa sababu nawajua. Mtu akiwauliza mbona Nakuru kuna watu wanatengeneza waya za muziki kwa kutumia carbon, mtaanza kumpea maneno ya internet. Wachaneni na internet. Waya yetu ni fupi, kama urefu wa mkono wa mtoto. Inatoka kwa turntable ya santuri ama kwa CD, inaingia kwa amplifaya. Ndani kuna nyuzi mbili nyeusi za carbon, moja ya kwenda, moja ya kurudi. Nje kuna wavu wa kopa, ile shaba nyekundu, wa kuzuia uchafu wa stima usiingie kwa muziki. Basi. Mtu akiwaambia carbon itafanya spika mbovu iimbe, mwambieni aende akalale. Carbon haishiki kutu, na ikitengenezwa poa inanyamaza. Hizo mbili zinatosha.

Hiyo ya kutu ndiyo ilianzisha kila kitu. Mzee Makokha, mwenye karakana, alikuwa na wateja huko Elmenteita na Kariandusi, kwa hayo mavumbi meupe na upepo wa ziwa la magadi. Waya ya kopa huko inageuka kijani kama imepakwa sukuma wiki. Mzee alikuwa amezaliwa kwa nyumba za reli, baba yake alikuwa fundi wa reli, na hao watu hawawezi kuona chuma ikioza wakanyamaza. Akatafuta kitu haiozi. Akapata uzi wa carbon, ule unauzwa kwa rola, wa mafundi wa bodi za magari.

Siku yangu ya kwanza niliingia na kichwa kubwa. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe, nimefungua redio zote za plot yetu, na nyingi zilifungika tena.

"Mzee, mnaandika watu?"

"Unajua solda?"

"Solda? Nilianza na msumari wa moto kwa jiko ya mathe. Hakuna kitu siwezi chomelea."

Akanipea kipande ya uzi mweusi na pini. "Chomelea hii hapa."

Jamani. Asubuhi yote. Ile solda ilikuwa inajiviringa kwa huo uzi kama maji kwa jani la nduma. Nikaongeza moto. Nikaongeza dawa ya solda. Nikatukana. Mzee yuko hapo pembeni anafungua amplifaya ya mtu, hata haniangalii. Ikafika saa ya chakula ndio akauliza, "Umemaliza kupika?"

"Hii solda yako ni mbovu!"

"Solda ni nzuri. Huo uzi ni makaa. Umeona wapi mtu akichomelea makaa?"

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulisema hakuna kitu huwezi."

Nikarusha ile solda kwa meza nikatoka nje. Nilifika kwa geti nikarudi, na si kwa sababu ya unyenyekevu. Nilikuwa nimeacha jaketi. Nikapata amemimina chai vikombe viwili. "Moto," akaniambia, na hilo jina likabaki, "kaa chini nikuonyeshe aerial ya redio inafanya nini."

Hii mnaijua lakini nitaisema, kwa sababu Kim bado anakata mahali mbaya. Unachukua aerial ya redio, ile ya kuvutwa. Kipande cha juu kabisa ni kigumu ndani, tupa. Cha pili ni mrija mwembamba wa brasi, ile shaba ya manjano. Hicho ndicho unakata, vipande vifupi. Unakwangua ile rangi ya kung'aa mpaka brasi itoke. Unaingiza uzi wa carbon ndani ya mrija pamoja na tone la rangi ya silver, ile ya kurudisha laini za joto kwa kioo cha nyuma cha gari, inauzwa kwa maduka ya spea. Unaminya na plaiya. Unaminya, huvunji. Sasa hapo kwa brasi ndio unaweza chomelea solda yako ukiwa na kiburi chako chote. Wavu tulikuwa tunatoa kwa waya za aerial za TV, watu walipoanza kuzishusha kwa paa. Na gloves mvae. Ule uzi ukikatika unaingia kwa ngozi na kuwasha kama upupu, na hauonekani. Mimi sikuvaa kwa sababu Mzee hakuvaa. Huo ni ujinga, si ujuzi.

Halafu kuna kiti.

Kile kiti cha gari kilichofungwa kwa mbao, katikati ya spika mbili, Mzee alikitengeneza kabla sijafika. Sheria yake ilikuwa moja. Waya haitoki karakana mpaka mtu akae hapo, sauti ifunguliwe mpaka mwisho, bila santuri kucheza, na asikilize. Waya nzuri haisemi kitu. Waya mbaya inavuma. Na ili mtu asikie, lazima kila mtu anyamaze, hata Mama Shiku fundi wa nguo upande wa pili wa mabati. Unagonga meza mara mbili, yeye anainua mguu kwa cherehani. Hajawahi kukataa. Hata akiwa na nguo ya harusi na bibi harusi amesimama hapo analia, ukigonga, anainua mguu.

Na mtu asiyesikia mvumo anatoka kwa kiti. Hakuna kujadili. Kabla yangu alikuwa anakaa hapo Sande, ndugu ya Mzee wa tumbo moja. Masikio ya Sande yakaharibika baada ya ugonjwa, akapitisha waya inavuma, na Mzee akamwambia ainuke siku hiyo hiyo, mbele ya mteja. Hawakuongea mpaka Krismasi. Niliambiwa hiyo stori na Mama Shiku, na akaniambia kwa sauti ya chini, ndio nikajua ni ya ukweli.

Sasa mnielewe. Kwa Mzee Makokha hicho kiti hakikuwa kiti. Mtu alikuwa anaweza kumwambia amplifaya zake ni mbaya, akacheka. Lakini watu walikuwa wanatoka mpaka Naivasha kuja kumwona akifunga macho hapo, halafu anasema, "Imenyamaza." Wakisikia hilo neno wanachukua waya na kwenda.

Basi siku moja akasema "Imenyamaza," na waya ilikuwa inavuma.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Si mvumo mkubwa, lakini ulikuwa hapo, chini chini, kama friji ya jirani. Nikamwangalia. Uso umetulia kabisa. Nikafikiri labda ni mimi. Wiki ingine, tena. Ikabidi nielewe.

Nikafanya nini? Nilimwambia mteja arudi jioni, na Mzee alipoenda kula ugali kwa hoteli ya kona, nilifungua ile waya, nikapata kiungo hakijaminywa sawasawa, nikatengeneza, nikafunga. Akarudi, hakujua. Nikafanya hivyo kila mara. Hakuna mteja aliyepata waya mbaya kutoka kwetu hata mmoja. Mama Shiku akanishika siku moja hapo nje.

"Wewe Moto. Mzee wako haskii."

"Anaskia kuliko wewe."

"Nagongewa meza, nainua mguu, halafu akienda kula nagongewa tena. Mimi si mjinga."

"Endelea na mambo ya vitambaa, Mama Shiku, haya ya waya uwachie wenyewe."

Hakuniongelesha siku kadhaa. Lakini mguu alikuwa anainua. Watu wamenishauri niseme najutia hiyo kitu. Sijutii. Yule mtu alinipea kazi nikiwa sina kitu isipokuwa mdomo. Ningefunika tena kesho asubuhi.

Mambo yaliharibika Kuresoi. Kulikuwa na mathe mmoja huko, mkulima wa viazi na ng'ombe wa maziwa, mumewe amefariki na kumwachia turntable na santuri nyingi. Alikuwa hajaziweka tangu mazishi kwa sababu waya zilikuwa zimeliwa na panya. Tukaenda na Mzee wenyewe kumfungia. Baridi ya huko inaingia mpaka kwa mfupa. Tukafunga kila kitu, Mzee akakaa kwa kochi, akafunga macho kama kawaida. Nikafungua sauti.

Tik. Tik. Tik.

Kama mtu anapigilia msumari mdogo ndani ya spika, bila haraka, bila kuchoka.

Mzee akatabasamu. "Imenyamaza."

Mathe akaweka chai chini. "Imenyamaza? Na hiyo tik tik?"

"Hakuna tik tik, mathe," nikasema.

"Kijana, naskia tik tik."

"Ni saa ya ukuta hiyo."

"Saa ya ukuta ilisimama mzee wangu alipolazwa, na sijaiwekea betri."

"Basi ni mabati! Ni jua inapiga mabati!"

"Jua gani Kuresoi?"

Na mimi nikapandisha sauti. Kwa nyumba ya mwenyewe, na chai yake mkononi mwangu, namwambia mama wa watu ati masikio yake yamezeeka, ati huyu aliyekaa hapo ndiye anajua kimya kuliko mtu yeyote Rift Valley yote. Nilikuwa nimeshaanza, na mnajua nikianza.

Mzee akafungua macho. Hakumwangalia mathe. Aliniangalia mimi, muda mrefu. Halafu akainuka, akatoa kile kitambaa cha mbele ya spika, akaweka kiganja chake pale kwa karatasi ya spika, polepole, kama unagusa ng'ombe usiyemjua. Akangoja.

"Inagonga," akasema. "Mama, uko sawa. Pole." Halafu kwangu: "Moto. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini unanifunikia?"

Niliweka chai ya mathe chini. "Mwaka jana," nikasema.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Mathe akatuangalia sisi wawili, akavuta shuka yake, akasema, "Mkimaliza hayo yenu, tik yangu bado iko."

Nikatoka nje kutafuta, na huko nje ndio nikaona: waya ya fensi ya stima, ile ya kuzuia ng'ombe, inapita karibu na dirisha la sebule. Ile mashine yake inapiga kila baada ya muda mdogo. Tik yetu ndiyo hiyo. Nikarudi kumwambia Mzee, na yeye alikuwa ameshika waya yetu anaiangalia kama ni mara ya kwanza.

Sikilizeni hii, Kim hasa. Tulikuwa tunafunga wavu wa kopa upande mmoja tu, upande wa turntable, vile watu wa waya za kawaida hufanya. Kwa kopa haina shida. Lakini uzi wa kurudi wa kwetu ni carbon, na carbon inapitisha kwa ugumu. Uchafu wote unaoshikwa na wavu, ukitaka kuenda amplifaya, unalazimika kupita barabara moja na muziki, na barabara yenyewe ni nyembamba. Mzee aliigeuza ile waya. Kichwa mahali pa mkia. Wavu sasa ukawa umeshikana na amplifaya moja kwa moja, uchafu unashukia hapo, hausumbui mtu. Ndio maana mshale tunaochora kwa waya zetu unaangalia nyuma, kwa turntable, na wale wa mtandao wanaotucheka wacheke tu.

Nikafungua sauti. Mzee akaniuliza, mara ya kwanza tangu nimjue: "Bado?"

"Bado. Lakini kidogo."

Tukatoka tena nje tukatembea na ile fensi. Nyasi zilikuwa zimepanda mpaka kwa waya, na kila pigo ukaona cheche ndogo kwa nyasi mbichi. Mathe akaleta panga bila kuambiwa. Kazi ya waya za muziki ikawa kazi ya kufyeka. Tulifyeka tukashuka mpaka kwa zizi, Mzee na suruali yake ya heshima. Tukarudi ndani, nikafungua sauti mpaka mwisho.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa imenyamaza."

"Una uhakika, ama unanihurumia?"

"Nina uhakika, Mzee."

Akaweka kiganja kwa spika kuhakikisha. Halafu akamwambia mathe achague santuri. Alichagua moja bila hata kusoma jalada, na ilipoanza akaenda kusimama kwa dirisha, mgongo kwetu, mpaka upande wote ukaisha. Tulipewa viazi gunia zima. Tukiwa njiani kurudi tukapita Molo. Hapo Mzee akasema, "Sande nitampigia simu."

Asubuhi iliyofuata aliingia karakana, akavuta stuli kwa meza ya viungo, akanionyesha kiti na mdomo. Hakuna hotuba. Akatengeneza viungo miaka kadhaa baada ya hapo, na hakuna kiungo cha Makokha kilichowahi kurudi. Waya zake nyingi nilizikubali. Zingine nilimrudishia, na alikuwa anachukua bila neno, anafungua, anaminya tena. Siku hizi yuko kwao Kimilili na mahindi yake.

Nilikaa kwa hicho kiti mpaka juzi. Nilipigana na wateja, mnakumbuka yule wa waya za ng'ambo aliyesema zetu ni za mitumba, nikamkalisha hapo na kuweka zake sauti mpaka mwisho, zikavuma kama posho mill ya kusaga mahindi. Alinunua mbili. Nilikuwa mzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni ukweli.

Halafu daktari wa Kiamunyi akarudisha waya yake, si mbovu, alitaka ndefu. Nikaifungua nitumie pini. Chini ya ile plastiki ya mwisho, nyuzi za wavu zilikuwa zimesukwa. Zimesukwa tatu tatu, safi, kama kichwa cha mtoto anaenda shule. Mimi huwa nazungusha tu na kubana. Kuna mtu mmoja karakana aliyetoka saluni.

"Chebet. Hii nilitengeneza mimi, si ndio?"

"Ndio."

"Na mimi nimeanza kusuka lini?"

Ukaangalia chini, Chebet. Na kabla sijajua nimefungua mdomo, nikajisikia nikiuliza, "Tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Zile sauti za chini chini huziskii. Za juu unaskia."

"Mbona hukusema?"

"Ungenirushia solda."

"Ningekurushia, ndio!"

"Si unaona sasa."

Nilienda nje nikapiga simu Kimilili. Kuongea na Mzee kwa simu ni kupiga kelele, Mama Shiku akasimamisha cherehani akifikiri kuna vita. Nikamwambia yote. Akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba.

"Karibu," akasema. "Na huyo msichana alikufunikia?"

"Alinifunikia."

"Basi ulimfundisha vizuri. Sasa inuka, usingoje mama wa watu akuambie kwa sebule yake."

Najua mnauliza mbona sikuchukua stuli ya viungo kama yeye. Kwa sababu mimi si yeye. Chebet akinirudishia waya ya kwanza ningenyamaza, ya pili ningenuna, ya tatu ningebishana naye kama nilivyobishana na yule mathe, na yeye kwa kunipenda angeanza kusema imenyamaza. Hiyo ndiyo ingeua karakana. Kuku wangu Kiamunyi hawana shida na masikio ya mtu.

Lakini ya mwisho nilitengeneza. Mlikuwepo. Nilikata mrija, nikaweka silver, nikaminya, nikafunga wavu upande wetu wa amplifaya, nikachora mshale. Nikamwambia Chebet akae. Nikagonga meza mara mbili, na upande wa pili mguu ukainuka. Ukafunga macho, Chebet, na mimi nikasimama nyuma nikiwa nimeshajiamulia ni nzuri.

"Inavuma," ukasema.

Nilihisi moto ukipanda mpaka kwa masikio yenyewe. Kim akarudi nyuma hatua, nilimwona. Nikachukua waya, nikaketi, nikafungua. Kiungo cha kurudi kilikuwa kimelegea. Nikaminya tena. Nikafunga. Nikagonga meza.

Ukasikiliza muda mrefu kuliko mwanzo. Sijui kama ulikuwa unasikia ama unanitesa.

"Imenyamaza."

Sikukuuliza kama una uhakika. Nilikuja mbele, nikaweka kiganja kwa spika, sauti ikiwa mpaka mwisho, nikangoja. Hakukuwa na kitu. Nikachukua jaketi yangu, na safari hii sikuisahau.